Hukupiga kura? Lalamika tu, ila nenda kajiandikishe

Kila uchaguzi ukipita lazima vijiweni uisikie hii kauli, "kama hukupiga kura kaa kimya", na anayeisema anajiona kamaliza mjadala. Mi kura napiga, lakini hiyo kauli siikubali hata kidogo.

Mchukue mpangaji wa Tandika, hapa Dar. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), ilianza buku kwa mwezi ikaja kupanda 1,500, na anayenunua umeme ni yeye mpangaji, yaani nyumba si yake lakini kodi ya nyumba inapitia mfukoni mwake (eti mkubaliane na mwenye nyumba akurudishie, haya jaribu). Akinunua sabuni dukani VAT ya asilimia 18 imo humo humo. Hakuna anayemuuliza kadi ya mpiga kura kabla ya kumkata. Sasa mtaro ukiziba maji machafu yakaingia mpaka chumbani anyamaze kwa lipi?

Halafu tozo za miamala ya simu za Julai 2021 mmezisahau? Walipiga kelele mama lishe, mawakala, wanachuo, kila mtu, na Septemba mwaka huo huo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Sikuona mtu akikagua nani alipiga kura 2020 na nani alibaki kwake kalala.

Na tukiifuata hiyo sheria yao ya kijiweni, 2010 waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 20 na waliopiga kura hawakufika milioni 9, kwa hiyo zaidi ya nusu ya walioandikishwa walitakiwa wafunge midomo miaka mitano? Bado hujaweka dereva wa basi la mkoani ambaye siku ya kura yuko Singida na kituo chake kiko Mbagala.

Lakini ndugu yangu haki ya kulalamika isiwe kisingizio cha kutojiandikisha, maana hapo ndo wengi tunapigwa chenga, tena si kwa uvivu, ni kwa kutojua.

Kwanza madaftari ya wapiga kura ni mawili tofauti. La serikali za mitaa liliandikwa Oktoba 2024 chini ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), unaandikisha jina kwenye mtaa wako, kadi hupewi. Nina majirani walienda kupiga kura ya mtaa tarehe 27 Novemba na kadi zao za 2015 mkononi wanatafuta majina ukutani hawayaoni, wakarudi wamefura. Wengine wakafanya kinyume chake, waliandikisha ile Oktoba wakajua wamemaliza, kumbe Daftari la Kudumu la Tume ya Uchaguzi, lile la kura ya rais, wabunge na madiwani, kwa hapa Dar lilikuwa linaboreshwa tarehe 17 hadi 23 Machi 2025.

Pili, ukihama hamisha na taarifa zako. Mi nilitoka Temeke nikaja Kimara na niliona kabisa nisipohamisha siku ya kura nitapanda daladala mbili kufuata kituo cha zamani, na najijua, ningeahirisha. Unaweza ukaanza kwenye simu halafu ukamalizia kituoni. Usithubutu kujiandikisha upya kama vile hujawahi, kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Na nenda siku za mwanzo, sisi watu wa Dar tunapenda dakika za majeruhi, siku ya mwisho foleni inazunguka shule nzima. Awamu ya pili ya kuboresha Daftari 2025 ilikuwepo ila vituo vilikuwa vichache sana.

Wapo pia waliochukua kadi kwa ajili ya kitambulisho tu, enzi zile NIDA haijapatikana, wafungulie akaunti benki basi. Siwalaumu, ila kama ndo wewe jina lako lipo tayari, kazi iliyobaki ni kwenda siku yenyewe. Hata mgombea akiwa peke yake, sheria ya 2024 inataka apigiwe kura ya ndiyo au hapana, ile ya kupita bila kupingwa imeondolewa.

La mwisho, ukilalamika lalamika kwa mhusika. Mjumbe wa nyumba kumi ni mtu wa chama, huyo usimpelekee habari za mtaro. Mwenyekiti wa mtaa ndo wako, na mtendaji. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nenda hata kama hukupiga kura, pale kinachoangaliwa ni ukazi na miaka 18, kisha omba wasome mapato na matumizi, na ile hela ya taka mnayochangishwa uliza inaenda wapi.