Maswali ya wanunuzi wa ardhi: mpima aje kabla pesa haijatoka

Nauziwa shamba la ekari moja Kisongo, Arusha. Dalali amelipima kwa hatua, 70 kwa 70, majirani na balozi wa nyumba kumi wakishuhudia. Haitoshi, jamani?

Inategemea miguu ya nani, dada. Ekari ni mita za mraba 4,047, na hatua 70 kwa 70 hukaribia hapo pale tu kila hatua inapofika sentimita 91. Mtu wa kimo cha kawaida asiyejikamua anapiga hatua ya kama sentimita 75. Zidisha mwenyewe: mita 52.5 kwa 52.5 ni mita za mraba 2,756. Umelipia ekari, na zimekosekana mita za mraba 1,291, zaidi ya viwanja viwili vya 20 kwa 30. Balozi na majirani walishuhudia hatua, hawakushuhudia mita.

Elewaneni bei kwa mita ya mraba, na mkataba useme jumla italipwa kwa kipimo cha mpima.

Kiwanja cha Njiro kina hati tayari. Mpima nimlipe wa nini?

Hati inasema kiwanja kipo. Chini pale unaonyeshwa ukuta na michongoma tu. Bikoni, ile nondo iliyosimikwa kwenye zege, hung'olewa na greda, hufukiwa na udongo, na nyingine huhama usiku bila kuwa na miguu.

Mpima mzuri huanzia ofisini. Kwa namba ya kiwanja na kitalu anatafuta ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, kisha anakwenda uwanjani, anafunga kipimo chake kwenye alama zilizothibitishwa za eneo hilo, ndipo anatafuta bikoni zako moja moja. Iliyopotea anairudisha mahali pake. Muulize: "Umeanzia alama gani?" Akikujibu ameanzia kona ya ukuta wa jirani, kama jirani alikosea, kosa lake sasa ni lako.

Usijipimie kwa simu. Ramani nyingi za zamani zinataja mahali kwa mfumo wa namba uitwao Arc 1960, simu inatumia mwingine, WGS84, na kwa huku kwetu tofauti ni kama mita 300. Ukiingiza namba za ramani kwenye simu bila kuzibadilisha, utasimama kwenye ua wa mtu usiyemjua. Hata zikibadilishwa, simu hukosea mita 5 au zaidi, na kiwanja chenyewe upana wake ni 20!

Kama hati iko rehani benki, mpima hatakwambia. Hilo ni la upekuzi ofisi ya ardhi.

Nanunua sehemu ya kihamba, shamba la ukoo, huko Kibosho, Kilimanjaro. Mpaka ni mstari wa mimea ya masale, tangu enzi za babu yao. Nayo yapimwe?

Yapimwe, mzee. Masale yaheshimiwe, lakini huchipua na kutanuka. Mstari uliopandwa shina moja moja leo ni kichaka cha upana wa mita nzima. Mpaka ni katikati yake, au ukingoni? Muuzaji atajibu hivi, jirani vile. Siku ya kupima wawepo majirani wa pande zote, wakubaliane mstari kabla nondo haijachimbiwa, wasaini. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, ukipita ndani ya eneo, uchorwe pamoja na njia yake, maana wanaoutumia hawataacha kupita kwa sababu wewe umenunua. Na ndugu wa muuzaji wasisahaulike: yule aliyeko Dar ambaye hakuulizwa ndiye huja na kesi.

Kiwanja kimeshuka hadi mto Themi. Bei ni nzuri mno.

Ndiyo maana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kiwanja cha urefu wa mita 50 kinachogusa maji hakibakizi pa kujenga. Kando ya barabara kuu hesabu mita 30 kutoka katikati ya barabara. Mwambie mpima aichore mistari hiyo.

Nitamjuaje mpima wa kweli?

Muombe namba ya usajili, uiulizie ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kwa eneo ambalo halijapimwa, lazima mchoro wa mipango miji utangulie kama ni mjini, na ramani ya upimaji iidhinishwe na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Mchoro wenye mhuri wa kampuni peke yake haukupi hati, kwa hiyo malipo ya mwisho ya mpima yasubiri idhini hiyo.