Pomboo, fulusi na nguzo za bandarini

Mpwa wangu ni mhudumu wa hoteli huku Nyali. Kwenye orodha ya vyakula wameandika "dolphin", na mtu ameongeza chini yake "pomboo". Kweli pomboo wanapikwa Mombasa? (Msomaji, Kisauni)

Hapana, dada yangu. Anayepikwa hapo ni fulusi. Kiingereza kimewapa viumbe wawili jina moja, na aliyetafsiri akamchukua asiyekuwa wake. Mpwa wako aende kwa meneja leo hii, maana mgeni akisoma "pomboo" atadhani tunamla mnyama aliyekuja kumtazama.

Fulusi ni samaki kamili: ana matamvua na anataga mayai. Mgongoni ana pezi refu linaloanzia kichwani hadi karibu na mkia, na dume paji lake limesimama kama ukuta. Akitolewa majini hung'aa kijani, buluu na dhahabu, kisha akifa rangi hizo hufifia. Ndiyo maana Wahispania humwita dorado, yaani wa dhahabu. Jina la mahi-mahi, ambalo hoteli nyingi hulitumia siku hizi, limetoka Hawaii.

Pomboo ni mnyama. Huzaa, hunyonyesha, na lazima aje juu kuvuta pumzi kwa tundu lililo utosini. Mkia wake umelala, naye huupiga juu na chini. Samaki huupiga wake kulia na kushoto. Hata Wagiriki wa kale, ambao kwao neno "dolphin" limetoka, walimwita delphis, neno lenye udugu na lile lao la tumbo la uzazi. Wavuvi wetu hawajawahi kuwachanganya wawili hawa, basi nasi tusianze kuwachanganya kwa sababu ya Kiingereza.

Nafanya kibarua bandarini Kilindini. Mhandisi alisema meli ifungwe kwenye "dolphin". Nilicheka, akakasirika. (Msomaji, Changamwe)

Alikuwa sahihi, kaka. Mabaharia huita hivyo nguzo, au fungu la nguzo, zilizokitwa chini ya bahari mbali kidogo na gati. Hufungiwa kamba za meli, na nyingine huwekwa ili chombo kikija kwa kishindo kisiigonge gati yenyewe. Kwa Kiswahili mimi ningesema "nguzo ya kufungia meli". Ukiandika "pomboo" katika ripoti, hakuna atakayekuelewa.

Kwenye historia ya Ufaransa nimekutana na "Dauphin", mrithi wa mfalme. Ni neno hilohilo? (Mwanafunzi, Tudor)

Ndilo, mwanangu. Watawala wa jimbo la Dauphiné walikuwa na pomboo kwenye nembo yao. Mwaka 1349 Humbert II, wa mwisho wao, aliuza nchi yake kwa ukoo wa kifalme wa Ufaransa, na jina likahamia kwa mrithi wa kiti. Lilitumika, kwa kukatizwa na mapinduzi, hadi 1830. Usilitafsiri, andika Dauphin, kisha eleza.

Na Miami Dolphins? (Msomaji, Bamburi)

Timu ya mpira wa Marekani, ule unaobebwa mikononi. Msimu wa 1972 ilishinda mechi zote, fainali ikiwemo. Jina la timu huachwa lilivyo.

Wingi ni pomboo au mapomboo? Na nikitaka kuwaona niende wapi? (Msomaji, Likoni)

Sema pomboo huyu, pomboo hawa. Kuwaona, wewe uko upande mzuri tayari: shika njia ya Lunga Lunga hadi Shimoni, kaunti ya Kwale, upande mashua ya kwenda hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Nenda wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia; kusi ikivuma utatapika tu. Huko wapo wenye pua kama chupa na wale wenye nundu mgongoni, ambao wako hatarini kutoweka duniani. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli, mwombe nahodha asiwafukuze wala kuwakatia njia, hasa wakiwa na watoto.