Muulize Ami: Paka mweusi chini ya ngazi

Toleo lililopita nilisema neno moja tu la paka, pale nilipokuwa najibu swali la panya kwenye boriti, basi nimejuta, barua na meseji zimemiminika na karibu zote ni za paka mweusi. Nimechagua chache. Wale wa mambo ya ndoa mnisubiri, mwezi ujao ni wenu.

*Asalaam aleikum Ami. Mimi ni mke wa mtu hapa Mkomani, Lamu. Wiki tatu sasa paka mmoja mweusi tii kaingia kwetu kazaa chini ya ngazi, vitoto vinne, viwili vyeusi kama yeye. Tangu hapo mambo hayaishi, mtoto wangu kashikwa na homa mara mbili, injini ya boti ya mume wangu imekufa, na huyu paka ikifika magharibi huketi akakodolea kona moja ya dari isiyo na kitu, na stima ikipotea mato yake yawaka kama tochi. Mavyaa wangu asema huyo si paka ni jini, na kamwambia shemeji amtie guniani yeye na wanawe awavushe Manda awaache huko. Mimi roho yaniuma lakini pia naogopa. Nifanyeje? — Mkazamwana wa Mkomani*

Waleikum salaam mwanangu. Kwanza mwambie shemeji aliweke gunia chini, halafu tuzungumze.

Hayo mato. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaong'aa kama kioo, kazi yake ni kuurudisha mwanga upite jichoni mara ya pili, ndo maana paka anatosheka na kama sehemu moja ya sita ya mwanga unaouhitaji wewe kuona. Mbuzi anao utando huo, ng'ombe anao, na punda wote wa mji huu wanao, toka usiku mmulike punda yeyote pale Mkunguni uone. Sasa mbona punda hatumwiti jini? Kwa sababu punda ukimmulika unamuona mzima, masikio, mgongo, na mzigo wa mchanga. Paka mweusi mwili wote unapotea gizani yanabaki macho mawili yanaelea peke yake, na hapo nikwambie kweli hata mimi nasoma Ayatul Kursi kwanza ndo nakumbuka mambo ya utando.

Na hiyo kona ya dari unayosema haina kitu, ina kitu. Sikio letu linaishia kwenye sauti ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la paka linapita 60,000, na panya wanapigiana kelele zao huko huko juu sisi hatusikii chochote. Nyumba za mawe za Mkomani unazijua, juu ya boriti kuna mji mwingine mzima, panya, mijusi kafiri, nyigu, na huyo ni mama ananyonyesha wanne, njaa inamkata, unataka aangalie wapi kama si darini?

Homa na injini mimi naona ni mambo mawili ambayo hayajuani. Jiulize tu, kabla ya paka kuja mtoto hakuwahi kushikwa homa? Injini haikuwahi kufa baharini ikabidi mvutwe? Sisi binadamu tukishapata wa kumshtaki hatutafuti mwingine, na hatari ndo iko hapo, manake mkishughulika na gunia mtoto atakaa na homa yake. Homa mara mbili ndani ya wiki tatu si ya kungojea, yeo hii mpeleke akapimwe malaria, na injini iende kwa fundi.

Sasa mavyaa wako. Usibishane naye, hutashinda na hata ukishinda umeshindwa. Mkumbushe kisa cha Abu Qatada, swahaba wa Mtume. Alikuwa kwa mkazamwana wake, jina lake Kabsha, huyo Kabsha kamtilia maji ya kutawadhia, paka akaja anataka kunywa, Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Mkazamwana akawa anamtazama, pengine anashangaa kama vile ungeshangaa wewe, ndo mzee akamwambia Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukazunguka majumbani. Hakuuliza rangi. Na kuna hadithi nyingine watoto wa madrasa wanaijua, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfungia hakumpa chakula wala hakumwacha ajitafutie. Sasa Manda, kisiwa ambacho maji matamu ni shida hata kwa watu, umpeleke mama na vitoto vya wiki tatu ambavyo meno ndo kwanza yanachomoza, na hilo nalo tuliite nini?

Nahisi pia kuna mchanganyo hapa. Ile hadithi ya mnyama mweusi na shetani iliyoko kwenye Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume, ni ya mbwa, lakini wapo maulamaa wa zamani waliosema jini hupenda pia sura ya paka mweusi, basi sisi tukachukua "hupenda" tukaifanya "kila". Majini yapo, mimi siyabishi. Ila jini mwenye akili zake aje akae chini ya ngazi anyonyeshe watoto wanne wiki tatu kwa kichwa cha samaki changu? Nyote mnaijua, paka wa nyumba haingwa, na mavyaa wako naamini anaijua methali hiyo kuliko mimi na wewe.

*Ami salaam. Mimi naendesha boda hapa Malindi. Juzi nimembeba mzee wa Kiitaliano, tuko Lamu Road paka mweusi akakata mbele yetu, mzee akanipiga bega nisimame, akakataa katakata tuendelee mpaka gari nyingine ipite kwanza. Dakika nzima tumesimama juani. Sasa na mimi kila nikimuona paka mweusi moyo unaruka. Ni kweli ni nuksi? — Boda wa Malindi*

Umenichekesha mpaka chai imenimwagikia. Huyo mzee ni wa kwao kabisa, Italia imani hiyo bado iko hai, na dawa yake ndo hiyo uliyoiona, umngoje mwingine apite kwanza nuksi ishikane naye. Si uungwana sana lakini ndo dawa yao. Bahati mbaya hukumbeba Mwingereza, manake kwa Waingereza wengi paka mweusi akikukatia njia ni heri, mabaharia wao wa zamani walifurahi wakiwa na mmoja melini, na Japani pia wengi wanamhesabu wa bahati. Kwa hiyo paka huyo huyo, barabara hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, nuksi inategemea pasipoti ya abiria.

Jina baya Ulaya alilipata zamani sana. Mwaka 1233 Papa Gregory wa 9 aliandika barua kuhusu watu wa Ujerumani walioshtakiwa kwamba wana dini ya siri ya kumuabudu shetani, na ndani ya barua mna paka mweusi, mkubwa kama mbwa, anashuka kinyumenyume mkia juu kwenye mkutano wao. Habari zenyewe zilitoka kwa wale wanaowashtaki, sasa wewe fikiria mtu anayekutafutia kesi atakuzulia mangapi. Baadaye walipoanza kuwawinda wachawi, paka akaandamana nao, akawa ndo mtumishi wa mchawi. Wazungu wakayabeba hayo mpaka Marekani, Marekani wakayatia kwenye sinema, sinema zikaja kwetu. Utasikia pia watu wakisema eti kwa ile barua Ulaya waliua paka wote ndo ikaja tauni ya 1347, hapo wameongeza chumvi, ni zaidi ya miaka mia baadaye na ushahidi wa mauaji hayo hakuna wa kushika.

Mtume kakataza tiyara, yaani kusoma bahati kwenye ndege na wanyama wanaopita. Lakini nisijifanye mjuaji. Nilipokuwa kijana niliitwa usaili wa kazi Mombasa, alfajiri natoka na faili langu, kwenye kichochoro paka mweusi akanikata, nikarudi nyumbani nikakaa kitako nusu saa nzima ili nuksi ipite. Nilipofika gatini boti ya Mokowe imeshang'oa, nilipovuka na ya pili basi limeshaondoka, kazi kapata mwingine. Miaka nikawa nasimulia barazani jinsi yule paka alivyoninyima kazi, mpaka mke wangu siku moja akachoka akanambia, bwana, paka alikukata sekunde mbili, hiyo nusu saa uliikaa wewe.

Wewe ukimuona punguza mwendo. Usiku mweusi haonekani mapema na ukimgonga na boda mnaanguka nyote, na hiyo ndo nuksi pekee ninayoijua mimi.

*Paka wangu ni wa milia, dume la jirani nalo ni la milia, kazaa mmoja mweusi. Watu wanasema si bure. — Wa Matondoni*

Ni bure kabisa. Weusi kwa paka ni urithi unaoweza kujificha, mama anabeba nusu, baba anabeba nusu, wote wawili nje ni milia tu, zile nusu mbili zikikutana kwa mtoto mmoja anatoka mweusi. Mtoe juani umtazame ubavuni, mara nyingine utaiona milia yake kwa mbali kama nguo iliyotiwa rangi juu ya maua. Halafu, samahani kwa hili, paka anaweza kuzaa tumbo moja lenye watoto wa madume wawili tofauti, kwa hiyo dume la jirani usimwekee dhamana sana.

*Ami, nina mimba ya miezi minne, naambiwa nimtoe paka wangu mweusi manake unyoya wake ukiingia tumboni mimba inaharibika au mtoto anazaliwa na pumu. Nampenda sana. — Mama mtarajiwa, Shela*

Unyoya ukiumeza unatoka kama ulivoingia, haufiki kwa mtoto, njia hiyo haipo. Lakini usiniache hapa, endelea kusoma, manake nyuma ya huu uzushi kuna jambo moja la kweli. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma, paka wengine wanakitoa kwenye choo chao, na mwenye mimba akikipata mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto. Si mweusi tu, hata mweupe pee. Choo kikiwa kipya hakiambukizi, kinahitaji siku moja au zaidi, kwa hiyo kisafishwe kila siku na asikisafishe mwenye mimba, mwachie bwana, ndo kazi yake hii miezi. Ukishika mchanga wa bustani nawa na sabuni, kachumbari ioshwe vizuri, na nyama iive, mishikaki mibichi ya kando ya njia iache kwanza kwa sababu kijidudu hicho hicho kinapita kwenye nyama mbichi pia. Mwambie daktari wa kliniki kwamba una paka.

Pumu ni kweli paka anaweza kumsumbua mtu mwenye nayo, ila tatizo linatoka kwenye mate na ngozi ya paka likashika manyoya, rangi haihusiki. Mtoto akizaliwa asilale kitanda kimoja na paka, basi.

*Kwa nini paka wanalia usiku kama mtoto mchanga? Bibi yangu anasema wakilia hivo lazima kuna msiba. — Wa Langoni*

Mji wetu mdogo, watu tunajuana wote, wiki ikipita bila tangazo la msiba ni nadra, na paka wanalia kila usiku, sasa watakosaje kukutana? Hiyo sauti ni jike linataka dume, na madume yanagombana. Ulaya majike wanapumzika majira ya baridi mchana ukiwa mfupi, lakini sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama masaa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hapumziki mtu, anabeba mimba kama miezi miwili, ananyonyesha, anaanza tena kulia chini ya dirisha lako. Dawa yake ni kumpeleka kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Kumrushia kiatu nimejaribu, nilikosa kiatu.

*Kuna mtu ananipa pesa nzuri nimletee paka mweusi asiye na doa hata moja, anasema ni wa mganga. Nina shida ya pesa. Kuna ubaya? — Msinitaje*

Upo. Hujaniuliza anaenda kufanywa nini kwa sababu unajua. Kenya kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, mahakama haitaki kujua paka ana doa au hana. Na mganga anayehitaji umletee wewe paka kwa pesa, angekuwa anaweza lolote si angemwita mwenyewe akaja?

Mkazamwana wa Mkomani, nimekukumbuka tena. Ukimpa mama kichwa cha samaki na maji safi kila siku hatatoka kwenda kuibia majirani, na vitoto usivitenganishe naye mpaka vitimize wiki nane. Umesema viwili ni vyeusi. Kimoja niwekee mimi, nyumbani kwangu panya wamefika mpaka kwenye rafu ya vitabu, na mke wangu ameshakubali.