Kwa RAM ya GB 4, weka Debian

Kaka, umeuliza uweke Windows Server (mfumo wa Microsoft wa seva) au Debian (mfumo wa bure wa Linux) kwenye hiyo mashine ya RAM GB 4 ya steshenari yako Ujiji, kompyuta tano zichukue mafaili hapo. Weka Debian. Mimi nipo Mwanga, nimezifunga zote mbili kwenye mashine kama hiyo.

Windows Server 2022 yenye dirisha na vitufe inadai RAM ya GB 2 na diski ya GB 32 kwa uchache, hapo hujaweka faili hata moja. Ya majaribio nayo inakwisha siku ya 180. Debian ya netinst (faili dogo la kuanzia, mengine linayavuta mtandaoni) haifiki GB 1, bando halikuumizi. Ukifika pale inapouliza programu za kuweka, toa alama zote za desktop, bakiza SSH (ya kuiendesha mashine kutoka kompyuta nyingine) na zile za kawaida za mfumo. Yangu ilipowaka, amri ya free -m, ya kuangalia RAM, ilionyesha MB 140 tu zimetumika! Kisha weka Samba, programu ya kugawana mafaili na Windows, kompyuta za Windows zitaliona folda kama kawaida.

Ila kama programu yako ya mauzo inakubali Windows pekee, basi ongeza RAM kwanza. Na UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) usiiache, mfumo wowote utakaoweka.