Gasshuku Naha siku nne, halafu Kyoto: mkwanja utatosha?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi nacheza karate ya mtindo wa goju-ryu hapa Dar, mkanda wa kahawia, na mwakani mwezi wa kumi dojo letu limealikwa gasshuku, yaani kambi ya mazoezi, kule Naha, Okinawa, Japani, siku nne. Sasa nauli yote ile halafu siku nne narudi, roho inaniuma, nataka niongeze siku nane nione Tokyo, Kyoto na Osaka. Rafiki yangu kasema ninunue pasi ya treni ya siku saba itanizungusha kote. Hela nadunduliza kwenye kikoba, ikizidi sana sitaweza. Naanzia wapi? Na sai zangu, zile silaha za chuma za mazoezi, nibebe? (Msomaji, Ilala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, goju-ryu ukiicheza kwa moyo halafu ukafika pale ilipozaliwa ni kitu kingine kabisa.

Hiyo pasi achana nayo. Okinawa ni kisiwa, hakuna treni ya kutoka Naha kwenda Tokyo wala Osaka, ni ndege, na mjini Naha kuna Yui Rail tu, treni ile inayopita juu, ambayo pasi hiyo haihusiki nayo. Halafu Oktoba 2023 pasi ya siku saba ilipanda kutoka yen 29,650 mpaka 50,000. Tokyo mpaka Kyoto kwa treni ya kasi ni kama yen 14,000, kwa hiyo hata ukienda na kurudi unatumia kama 28,000, sasa hizo nyingine unamlipa nani?

Nikwambie yaliyonikuta mimi. Safari yangu ya kwanza matembezi yote niliyaweka kabla ya gasshuku, nikafika dojo miguu imekufa, siku ya kwanza sanchin tu, zoezi letu la msingi, natetemeka. Halafu siku ya kuondoka kimbunga kikaja, ndege za Naha zikafutwa zote, na tiketi yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa inaanzia Tokyo usiku uleule, nimeikata kivyake, shirika halikunirudishia hata senti. Nikakata nyingine kwa hela ya kukopa na deni lile nimelilipa miezi saba. Ndiyo maana nasema siku za ziada zipange ziilinde gasshuku yako.

Mimi ningefanya hivi. Tafuta tiketi moja inayoingilia Tokyo na kutokea Osaka, mashirika ya kupitia Dubai au Doha yanatua miji yote miwili, mwambie wakala akuangalizie hivyo, asikulazimishe kurudi ulikoingilia. Tokyo lala usiku mbili. Tofauti ya saa na Dar ni sita, mwili unahitaji kuzoea, na ndege ikichelewa una akiba ya muda. Hapo hapo nenda Kodokan, nyumba ya judo iliyoanzishwa na Kano Jigoro mwaka 1882, kuna makumbusho, haikupunguzii kitu mfukoni. Baada ya Tokyo ndege ya ndani mpaka Naha, lakini angalia sana uwanja, ndege nyingi za bei poa zinaondokea Narita, sasa ukitua Haneda una safari nyingine ya kuvuka jiji na mabegi.

Ukimaliza gasshuku usikimbie, ongeza siku mbili Naha, mimi hizi ndizo ningezipigania kuliko Kyoto yenyewe. Pale bustani ya Matsuyama kuna mnara wa kumbukumbu wa Higaonna Kanryo na mwanafunzi wake Miyagi Chojun, huyo Miyagi ndiye mwanzilishi wa mtindo unaoucheza, alizaliwa hapohapo Naha mwaka 1888. Nilisimama pale nikalia, sioni aibu kusema. Na Karate Kaikan, ukumbi mkubwa wa karate, iko Tomigusuku, jirani tu na Naha, imefunguliwa 2017. Tarehe 25 Oktoba ni siku ya karate Okinawa, kukumbuka kikao cha mabingwa cha 1936, gasshuku yenu ikiangukia karibu na hapo omba kwa Mungu uwepo.

Halafu ruka Naha mpaka Osaka, lala hapo siku zote zilizobaki, Kyoto unakwenda asubuhi unarudi jioni kwa treni ya kawaida, kama nusu saa, nauli haifiki yen 1,000. Treni ya kasi hujapanda hata mara moja. Na kimbunga kikikuzuia Naha siku moja au mbili, umepoteza matembezi ya Kyoto tu, tiketi ya kurudi nyumbani iko palepale.

Viza sasa. Ubalozi wa Japani wanataka ratiba ya siku kwa siku, kwa hiyo siku zako za ziada ziandikwe humo zote na hela ya kuzigharamia ionekane benki, barua ya mwaliko wa dojo inasema habari ya gasshuku tu. Hela ya kikoba mwombe mweka hazina mapema iingie kwenye akaunti, isije ikaonekana imemwagwa jana. Ukipewa viza hesabu siku, kuna ya 15, 30 na 90, ukipewa 15 na ratiba yako ni 16 umeumia. Na hoteli chukua zile za kufuta bure mpaka viza itoke.

Kuhusu sai, mkononi hazipandi ndege, lazima begi la chini, na hizi ndege za ndani za bei nafuu mkononi ni kilo 7 tu, begi la chini unalilipia. Gi yenyewe, nguo za karate, nzito. Muulize sensei wenu kama wenyeji wana za kuazima, wengi wanazo, wewe beba gi mbili na mkanda.