CD za Marehemu Baba na Kosa la MP3

Marehemu baba aliniachia CD 180 hivi, nyingi za taarabu na rumba. Mwaka 2009 nilizinakili zote kwenye kompyuta kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, maana diski yangu ilikuwa ndogo, kisha karibu nusu ya CD zenyewe nikawagawia ndugu. Miaka ilipita, nikajaliwa kununua spika nzuri. Nikafungulia taarabu ya Ikhwani Safaa, kile kikundi cha Unguja cha tangu 1905, na ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, haikuwa na ule mlio wake wa kumeremeta. Matoazi yalichakacha kama mchanga. Siku ile niliumia, kwa sababu nilijua CD zimeshatoka mikononi mwangu.

Kwa hiyo nakuomba wewe ambaye bado unazo: nakili kwa FLAC, aina nyingine ya faili ya sauti. CD hubeba sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kila sekunde, kila moja ya biti 16, upande wa kushoto na wa kulia, jumla kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 yangu ilibakiza chini ya moja ya kumi ya hizo, na kilichotupwa hakirudishwi. FLAC hubana faili bila kutupa kitu. Albamu moja kwa kawaida huwa megabaiti 300 mpaka 400, kwa hiyo CD 180 zinaenea kwenye gigabaiti 70 hivi. Siku hizi hata fleshi inazibeba.

Programu ya kunakilia nayo ina maana kubwa. CD ikiwa na mikwaruzo, kisomeo kinaweza kukisia mahali kiliposhindwa kusoma, nawe usijue mpaka usikie mkwaruzo katikati ya ubeti. Mimi natumia Exact Audio Copy kwenye Windows. Wenye Mac wana XLD. Zote zinapatikana bure. Husoma kipande kilekile zaidi ya mara moja, na majibu yakitofautiana hurudia tena na tena. Pia hulinganisha nakala yako na orodha ya mtandaoni ya nakala za watu wengine walionakili CD hiyohiyo, lakini albamu nyingi za kwetu hazimo kwenye orodha hiyo. Hapo chagua isome wimbo mara mbili, uone kama namba za uhakiki, ambazo programu huzikokotoa kutokana na sauti iliyosomwa, zinafanana. Inachukua muda, lakini ndiyo njia ninayoiamini.

Kabla ya hapo pangusa CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Na upande wenye maandishi uuogope kuliko ule unaong'aa: tabaka la kuakisi mwanga liko chini yake tu, na likichubuka, muziki wa mahali pale umekwenda.

CD za kuchomwa vibandani ni habari nyingine. Nyingi zilichomwa kutoka MP3, na kuzigeuza FLAC hakuziongezei uzuri wowote. Fungua wimbo kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, tazama picha ya masafa ya sauti: ikiwa juu ya kilohezi 16 pamekatika kama kwa kisu, basi asili yake huenda ni MP3. Zinakili hivyohivyo kama huna nyingine, ila usiache kutafuta CD halisi.

Majina andika mwenyewe. Mtandao mara nyingi hukosea nyimbo zetu, ama haujui kabisa. Weka mwimbaji, mpigaji udi kama jalada limemtaja, na mwaka. Jalada lenyewe lipige picha, kurasa zote, kisha weka nakala ya pili ya kila kitu kwenye diski ya nje iliyo nyumba nyingine.

Mpaka sasa nimezipata tena na kuzinakili upya zote isipokuwa 11. Tatu ziko Mombasa kwa shangazi, ameniahidi kuzitoa kabatini Idi hii.