Mkuu, usiingie darasani na hayo maharage bila dawa

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne kuhusu kufundisha kidato cha tatu jinsi seli inavyotumia nishati, lakini mimi nimekwama kwenye ile sentensi yako ya mwisho: kwamba utafanya jaribio la chupa za chai na maharage, lile la kuonyesha kwamba mbegu inayoota hutoa joto, maabara haina formalini ya kuua vijidudu, na "yakishachemshwa yamekufa, dawa ya nini?" Nimeacha ugali unapoa nije kuandika.

Maneno hayo hayo niliambiwa na mwalimu mzoefu niliyemkuta kazini. Nilimwamini kwa sababu notsi zake zilikuwa za zamani hadi karatasi zimekuwa rangi ya chai. Kumbe uzee wa notsi siyo ushahidi. Mungu anamwona.

Sasa sikia. Shule haikuwa na chupa za joto, nikabeba mbili za nyumbani. Mama watoto hakuulizwa, hilo tutalirudia. Maharage nikayaloweka usiku kucha, nikayagawa mafungu mawili, moja nikalichemsha robo saa nikaliacha lipoe, liwe fungu la mbegu zilizokufa la kulinganishia. Kila fungu chupa yake, kipimajoto kimezama katikati ya mbegu, mdomo nimeuziba kwa pamba ili hewa ipite. Chupa nikazifunga kwenye stendi kichwa chini, kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, itoke yenyewe. Yote sahihi kabisa. Nilijiona profesa.

Alhamisi chupa zote zinasoma nyuzi 26. Ijumaa yenye mbegu hai 29, ya zilizochemshwa 26 vilevile. Darasa likapiga makofi. Nikaenda zangu wikiendi kifua mbele.

Jumatatu: hai 33. Zilizochemshwa 34.

Nikasoma tena. Nikakigonga kipimajoto kwa kidole kama mtu anayegonga redio iliyoisha betri. 34. Nikavuta pamba, imelowa, maharage yanateleza kwa ute mweupe, na ile harufu, mkuu, fikiria sufuria la futari lililosahauliwa na watu waliosafiri. Viti vya mbele vilihama bila ruhusa.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, labda humo ndani kuna kitu kingine kinachopumua."

Unajua nilimjibu nini? Akae chini. Nikasema vipimajoto vya shule ni vibovu, andikeni matokeo ya kitabuni tuendelee.

Yule mtoto alikuwa sahihi kuliko mimi na mzee wa notsi tukijumlishwa. Mbegu iliyokufa haina wa kuilinda. Bakteria na kuvu walioshuka kutoka hewani na kwenye vidole vyangu waliikuta wanga na protini imeiva, tena kwenye chupa inayotunza joto. Wakala, wakazaana, wakapumua, na joto lao ndilo nililolisoma. Jibu la mada nzima lilikuwa linanuka mbele yangu nikaliita kipimajoto kibovu.

Mwisho wa muhula likaja swali: kwa nini jaribio hili huhitaji mbegu zilizochemshwa? Lundo la watoto wakaandika kwamba mbegu zilizokufa nazo hupumua. Mmoja akaenda mbali, kwamba hupumua zaidi kwa sababu zilipashwa moto. Nikawawekea mikasi kwa kalamu nyekundu, huku najua wameandika walichokiona. Nilitumia wiki mbili kuwafuta hicho kitu kichwani, na sina hakika kilitoka.

Kwa hiyo: dawa, kwenye chupa ZOTE MBILI. Formalini achana nayo, ni sumu na inachoma macho. Chukua Jik, ile dawa ya madoa ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji. Yale ya kuchemsha yakishapoa, yatie humo kama dakika kumi, na yale hai vilevile. Kisha suuza yote mara kadhaa kwa maji yaliyochemka yakapoa, maana dawa ikibaki itaua na yale unayotaka yaote. Chupa nazo zipitishie dawa hiyo hiyo uzisuuze. Usishike mbegu kwa mikono mitupu. Ukiweka dawa upande mmoja tu, mwanafunzi mwenye akili atakuuliza kama tofauti imeletwa na Jik, na hutakuwa na jibu. Anza Jumatatu umalize Alhamisi, wikiendi ni adui.

ATP uliyouliza, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, haraka haraka: usiwaambie seli "inatengeneza" nishati. Glukosi ni noti ya elfu kumi mbele ya konda wa daladala, ATP ndiyo chenji. Vitabu vya zamani vinasema glukosi moja inatoa ATP 38, hesabu za siku hizi ni kama 30 hadi 32. Bila oksijeni ni 2 tu. Na hata oksijeni ikiwepo, takribani theluthi moja tu ya nishati ya glukosi inaingia kwenye ATP. Iliyobaki inaondoka kama joto, lile lile utakalolisoma kwenye chupa iwapo, narudia, umeweka dawa.

Halafu jihadhari na neno "kupumua". Kwetu ni kifua kupanda na kushuka, kumbe hapa ni seli kuvunja chakula ipate nishati. Kuna kijana aliniuliza pua ya haragwe iko wapi, na hakuwa anatania.

Milinganyo na mpangilio wa vipindi uliouliza... nimesahau, wengine watakusaidia.

Zile chupa za nyumbani: moja niliitupa. Nyingine niliisafisha kwa magadi, kwa ndimu, kwa mchanga, nikairudisha kabatini kimyakimya. Ilikaa siku mbili, wakaja wageni, ikatiwa chai ya maziwa. Nilinunua mbili mpya wiki hiyo hiyo.